Mguu Kwanza, Uso Baadaye

Picha ya mazishini ilikuwa ya mwanamke mwingine. Anatory aliliona hilo mapema, jeneza likiwa bado sebuleni, akanyamaza kwa sababu watu walikuwa wengi. Mwanamke wa kwenye fremu alikuwa mweupe. Alitabasamu. Macho yake yalilingana kama vifungo vya shati, na juu ya nyusi ya kushoto, pale mkewe Eugenia alipopigwa na ncha ya kasia mwaka wa kwanza wa ndoa, palikuwa laini, hapana kovu. Watu walipita mmoja mmoja, wakatazama, wakasema mama amependeza. Anatory alitamani kumkaba mmoja wao.

Eugenia hakupendeza namna hiyo. Alikuwa na pua pana iliyokaa sawasawa, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, na mdomo uliofungwa kama wa mtu anayesubiri umalize uongo wako. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa, Anatory hakumwona akiichekea kamera hata mara moja. Kamera ikija, yeye alikwenda jikoni. Picha pekee iliyobaki ni ya kitambulisho cha taifa, ndogo kama ukucha, tena imefifia. Hiyo ndiyo fundi wa studio aliyoichukua, akaikuza, akaitengeneza.

Wakamzika kijijini, karibu na Kemondo, kwenye kibanja, shamba la nyumbani, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Kisha Anatory akarudi Mwanza, Kirumba, kwenye nyumba yenye kitanda kikubwa kuliko mtu mmoja, na hasira yake akarudi nayo.

Mwezi wa kumi Prudencia alikuja na habari. Prudencia ni binti yake mkubwa, mwalimu wa sekondari. Alisema watoto wamechanga, wameagiza jiwe jeusi la graniti, na siku ya misa ya mwaka litawekwa kaburini. Litachongwa jina, tarehe na picha. Siku hizi mashine inachonga picha vilevile ilivyo, hata nywele unaziona.

"Picha gani?" Anatory aliuliza.

"Hiyo hiyo, baba. Ile ya mazishi."

"Hiyo haichongwi."

Prudencia akauliza, kwa upole wa watu waliosoma, kama baba ana nyingine. Anatory akasema ataileta. Akaulizwa ataitoa wapi. Akasema ataichora. Binti akaitazama mikono ya baba yake, mikono ya fundi mitumbwi, iliyopasukapasuka kwa misumari na lami. Akataka kucheka, akajizuia, na kule kujizuia ndiko Anatory hakumsamehe.

Tangu siku hiyo Prudencia alipofika na kusema shikamoo, baba yake alitazama pembeni. Shikamoo ya mtoto isiyojibiwa hubaki mlangoni kama mgeni ambaye hakukaribishwa. Prudencia aliileta kila Jumapili, na kila Jumapili ilibaki pale pale.

*

Yeremia Masalu alikuwa mwandika majina ya mitumbwi. Anatory alijenga, Yeremia akaandika ubavuni. Ndivyo walivyojuana miaka thelathini bila kupendana sana. Siku hizi mabango yanachapwa kwa mashine, kazi ya Yeremia imepungua, na kadiri kazi ilivyopungua ndivyo ulimi ulivyozidi makali. Lakini watu wa soko la samaki la Mwaloni walijua kwamba ujanani alifundishwa kuchora na bruda mmoja wa misheni, na bruda alipoondoka nchini alimwachia jalada kubwa la ngozi. Ndani yake mlikuwa na karatasi za kizamani: macho, masikio, miguu, mikono, vichwa vya sanamu za plasta, kila kitu kwa nyeusi na kivuli chake, bila rangi. Zilitengenezwa ili mwanafunzi azinakili moja baada ya nyingine mpaka mkono utii.

Anatory alimkuta kibandani kwake, akamwambia anataka kujifunza kuchora uso wa mkewe.

"Una miaka mingapi?" Yeremia aliuliza.

"Sabini na mmoja."

"Shule uliishia darasa la ngapi?"

Alijua. Wote walijua. Alitaka tu lisemwe.

"Sikwenda."

"Mhaya asiyejua kusoma." Yeremia alitikisa kichwa kwa masikitiko ya uongo. "Nilisikia mpo wawili. Mwenzako alishakufa."

Anatory hakucheka. Alivuta benchi, akaketi.

Yeremia akampa mguu. Mguu mmoja wa sanamu, kutoka kifundoni kwenda chini, vidole vitano vya plasta. Aliubandika kwenye ubao, pembeni yake akabandika karatasi tupu, na katikati akaning'iniza timazi, uzi wenye msumari mzito mwishoni. Akaeleza mara moja tu. Rudi nyuma hatua tatu. Fumba jicho moja. Nyoosha mkono wenye kijiti, pima urefu, pima upana. Nenda mbele, weka alama, rudi nyuma tena. Anza na mistari iliyonyooka, kona utazikata baadaye, na kivuli ni cha mwisho. Usichore ukiwa umeisogelea karatasi. Ukiwa karibu unachora unachokijua, unachokiona kinakupita.

Timazi Anatory aliijua kuliko Yeremia. Hata kurudi nyuma hatua tatu alikujua, maana mtumbwi hautazamwi ukiwa umeuinamia. Akajihesabia siku mbili, mguu umekwisha.

Ulimchukua wiki saba. Kila alipomaliza, Yeremia alizibandika karatasi mbili kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, mwanga ukapita, na kila mara kidole gumba kilikuwa kimezidi, au kisigino kimepungua, unene wa punje ya mchele. Yeremia hakugomba. Aliirarua karatasi, akasema, mwingine.

Mguu wa kumi na tisa uliporaruliwa, Anatory alitupa kijiti ukutani.

"Mke wangu si mguu."

"Najua."

"Sikuja hapa kuchora miguu ya Wazungu waliokufa."

"Mguu huu huupendi," Yeremia alisema. "Ndiyo maana utautazama. Mkeo unampenda, kwa hiyo humtazami, unamkumbuka tu. Okota kijiti."

Anatory akaokota, kwa sababu Mwanza nzima hakumjua mwingine wa kumfundisha. Jioni akarudi kwa njia ya ufukweni, akapita kwenye dagaa walioanikwa, akiwa na hasira na Yeremia, hasira na mguu, hasira na wanawake waliokuwa wanacheka huku wakigeuza dagaa, kama kwamba hakuna kilichotokea duniani.

Nyumbani alikuwa na hasira na Eugenia. Hilo hakumwambia mtu. Eugenia ndiye aliyejua cheti cha nyumba kiko wapi, dawa ya panya iko wapi, barua ya parokia inasema nini. Alimsomea kila kitu miaka yote hiyo, kisha figo zikamshika, miezi mitatu, akaondoka, akamwacha katika nyumba ambamo hata makopo hayaongei naye. Mara mbili Anatory alikoroga hamira kwenye chai akidhani ni maziwa ya unga. Mara ya pili aliinywa hivyo hivyo, yote, kwa kumkomoa marehemu.

*

Mguu ulikwisha kabla ya Krismasi. Ikaja mikono. Ikaja pua, na pua ndiyo ilikaa zaidi: pua ya mwanamke wa plasta, imeshuka moja kwa moja kutoka kwenye paji kama imepigwa rula. Januari pua. Februari pua. Mkono wa Anatory uliijua hata akiwa anapiga msumari kwenye mbao. Machi akapewa kichwa kizima cha mwanamke huyo huyo, na ilipofika Wiki Takatifu karatasi mbili ziliwekwa dirishani zikawa moja. Yeremia alizigeuza, akazitazama upande wa pili, akaguna. Lile guno ndiyo sifa pekee aliyowahi kuitoa.

Akampa vichwa vingine viwili, na mwezi wa sita akamwachia. "Sasa kachore unachokitaka. Usiniletee machozi."

Anatory alijifungia nyumbani siku tatu. Alimchora Eugenia kwa kumbukumbu, na kile kipicha cha kitambulisho amekiegemeza kwenye kikombe. Siku ya nne aliipeleka karatasi kibandani imeviringishwa, ameishika kama mtu anayebeba mayai.

Yeremia aliifungua, akaitazama kitambo. Kisha akaenda kwenye jalada, akatoa kichwa cha yule mwanamke wa plasta, akakibandika dirishani, na juu yake akambandika Eugenia.

Pua ziliingiana, mstari kwa mstari.

Yeremia akaishusha karatasi, akaikunja katikati kwa urefu, akainyanyua kwenye mwanga. Jicho likalala juu ya jicho, shavu juu ya shavu.

"Umemjenga," Yeremia alisema. "Umempima ubavu huu na ubavu huu ulingane, asipinduke. Mkeo si mtumbwi, Anatory. Hahitaji kuelea."

Lilikuwa kweli, na ndiyo maana liliuma. Mtumbwi wenye ubavu mmoja mpana huua watu. Kwa miaka hamsini mkono wake ulikuwa unaikataa tofauti ya ubavu na ubavu kama unavyokataa moto. Na kwa miezi tisa mkono huo huo ulikuwa umefundishwa pua moja tu. Katikati ya viwili hivyo Eugenia ameponyoka. Fundi wa studio alimfuta kwa mashine, labda kwa nusu saa. Yeye mumewe amemfuta kwa miezi tisa, kwa mkono wake, kwa bidii.

Aliichana karatasi vipande vinne. Akalipiga benchi teke, akaumia kidole gumba cha mguu, na Yeremia akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Hicho kidole," alisema akijifuta macho, "ungekichora sasa hivi usingekikosea."

Anatory alisubiri amalize. "Nifanye nini?" aliuliza.

Yeremia akamwambia hakuna dawa. Kisichokuwa mbele ya macho hakichoreki, na kumbukumbu ni kama pasi, inanyoosha kila mkunjo. Atafute cha kutazama. Kama hakipo, awaache wachonge ile inayocheka, afunge mdomo.

*

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, asubuhi, Prudencia alikuja. Anatory alikuwa uani anaranda ubao. Shikamoo ikasemwa. Randa ikaendelea.

Prudencia alisimama mlangoni, akasema kwamba mchonga mawe anaanza kazi Jumatatu, kule kwenye karakana yake barabara ya Misungwi. Hakuja kuomba ruhusa, alikuja kumjulisha, kwa sababu wadogo zake wote wamekubali na misa haiwezi kuahirishwa kwa ajili ya picha. Anatory alimjibu bila kugeuka. Alisema mwanamke yule akiwekwa juu ya Eugenia, yeye atakwenda na nyundo yake ya kazi, na atalivunja jiwe hilo mbele ya padri, na wakwe, na kwaya. Alisema wamemzika mama yao mara moja, sasa wanataka kumzika tena chini ya mtu wasiyemjua. Alisema hata mbwa hukumbuka sura ya aliyemlisha. Alisema mengi, kwa mtu ambaye hakuwa msemaji.

Halafu akagundua hajibiwi, akageuka.

Ule upole wa shule ulikuwa umemtoka Prudencia. Alisimama wima kwenye fremu ya mlango, mwanga wa upande wa ziwa umempiga shavu moja. Mdomo umefungwa. Jicho la kushoto limejikunja, limekuwa dogo kuliko la kulia. Mabawa ya pua yametanuka. Alikuwa anasubiri baba yake amalize.

Anatory akaweka randa chini.

"Usisogee."

"Nini?"

"Kaa hivyo hivyo. Endelea kukasirika."

"Sijakasirika."

"Umekasirika sana. Kaa."

Alimsogezea kigoda pale pale mlangoni. Akaning'iniza timazi kwenye kizingiti cha juu, msumari ukatikisika, ukatulia. Akaleta ubao na karatasi, akarudi nyuma uani hatua tatu, akafumba jicho, akanyoosha kijiti. Prudencia alitaka kuinuka. Kisha akamwona baba yake, mtu asiyejua hata kuandika jina lake, anapima kidevu chake kwa kijiti na kucha kama anavyopima mbao, akakaa.

Alichora mistari iliyonyooka kwanza. Pua ya plasta ilikuja yenyewe mkononi, akaifuta. Ikaja tena, akaifuta kwa hasira mpaka karatasi ikavimba. Akarudi nyuma, akapima: upana wa pua hii ulikuwa sawa na umbali wa jicho na jicho, na zaidi kidogo. Akaweka alama pale kijiti kiliposema, ingawa mkono ulibisha. Jicho la kushoto akalipunguza. Mkono ukabisha tena. Akaulazimisha.

Jua lilikuwa limeshafika kwenye kigoda Prudencia aliposema, bila kugeuza shingo, "Mimi ndiye niliyewaambia studio wamfanye acheke."

Kijiti kilisimama hewani.

"Siku ya mwisho wodini nilimwambia naondoka, nina mitihani ya kusahihisha, nitarudi kesho. Akanitazama hivi. Hakusema neno. Nikaondoka. Nisingeweza kutazamwa hivyo na jiwe, baba. Kila nikienda kijijini."

Anatory alikwenda mbele, akaweka alama, akarudi nyuma.

"Mimi alinitazama hivyo miaka arobaini na mitatu," alisema. "Hakuwa anakusuta. Ndiyo ilikuwa sura yake."

Akapima tena.

"Mara nyingine alikuwa anasuta. Mara nyingi. Inua kidevu."

Prudencia akainua. Taya likakaza, na Anatory akaliwahi kabla halijalegea. Kovu la nyusi binti hakuwa nalo. Hilo Anatory aliliweka mwenyewe, maana hilo alilijua kwa kidole gumba, usiku na mchana, kumbukumbu isingeweza kulipiga pasi.

Kisha akakwama. Paji la uso la Prudencia lilikuwa lake, Anatory. Hata masikio yalikuwa yake. Akayatazama kwa chuki. "Hilo paji si la mama yako," alisema. "Ni langu. Siwezi kumpa paji langu." Akataka kuitupa penseli, mchana wote umepotea kwa ajili ya paji.

"Mama alifunga kitambaa," Prudencia alisema.

"Nini?"

"Siku zote. Ni lini ulimwona mchana bila kitambaa?" Aliingia ndani, chumbani, akarudi na kitambaa cha buluu cha Eugenia. Akajifunga kama alivyofunga mama yake, chini, karibu na nyusi, fundo nyuma, masikio ndani. Akaketi. Alipokaza lile fundo mdomo ukajifunga tena, wenyewe.

Anatory alisimama hatua tatu mbali, jicho moja amelifumba, na kwa muda hakupima kitu chochote. Kisha akachora kitambaa.

Alipomaliza, Prudencia alikuja akasimama mbele ya ubao.

"Huyu amekasirika," alisema.

"Ndiyo."

Akatoa simu, akaipiga picha karatasi, akaitazama kwenye simu, akaipiga tena kwa mwanga mzuri zaidi. Kisha akampigia mchonga mawe. Aliongea naye kwa sauti ya kufundishia darasa la watoto watundu: ile picha inayocheka aifute, anamtumia nyingine sasa hivi, na asirekebishe kitu. Asilainishe. Asiongeze. Kovu si uchafu, kovu alichonge.

Akakunja kitambaa, akakishika, hakujua akirudishe au aende nacho. Baba yake alikuwa ameshachukua randa. Prudencia akaaga, akavuka ua, akafika kwenye geti.

"Marahaba," Anatory alisema.

Prudencia alisimama kidogo, mgongo umegeuka. Kisha akafungua geti akaenda, na kitambaa mkononi.

*

Misa ya mwaka walikwenda kwa gari la kukodi, wakavuka daraja pale Kigongo, jiwe limelazwa katikati ya viti, limefungwa blanketi. Yeremia alialikwa, akakataa. Alisema hapendi kumzika mtu mara mbili.

Kibandani, kabla hawajaondoka, alikuwa ameitazama karatasi ile bila kuibandika dirishani. Hakukuwa na nyingine ya kuilinganisha nayo. Aliirudisha, akasema pua sasa ni ya mtu.

Baada ya misa mafundi waliinua jiwe, wakalisimamisha kichwani mwa kaburi, wakalipigia timazi. Blanketi likatolewa. Waombolezaji walijipanga kati ya migomba wakiwa tayari kusema amependeza, wakatazama, neno likawakaukia.

Anatory alisogea. Mashine ilikuwa imechonga vizuri, ila shavu la kulia limezidi, unene wa punje ya mchele. Aliliona mara moja, na hasira ikampanda upya, na hapakuwa na karatasi ya kurarua.

Kokulinda, mdogo wake Eugenia, alikuwa amechelewa. Alikuja kwa haraka kutoka barabarani, viatu mkononi, kitenge kimelegea upande mmoja, akapenya katikati ya watu mpaka mbele. Akaliona jiwe. Akasimama ghafla. Akavaa viatu, akajifunga kitenge vizuri, akashusha macho.

"Jamani dada," alisema, "nimefanya nini tena?"

Anatory alichukua ndoo, akaenda kuchota maji ya saruji.